"Mtoto atachanganyikiwa": dhana potofu kuhusu Wafilipino wa ughaibuni na lugha ya nyumbani

Mi nafanya kazi nyumba ya wazee huku California, shifti ya jioni, na manesi wengi ninaofanya nao ni Wafilipino. Kuna mmoja tunamwita Ate, yaani dada mkubwa, hata sisi Wabongo tushazoea. Siku moja tunakula, kaunganisha simu ya video, upande mmoja mama yake yuko Ilocos huko kaskazini mwa Ufilipino, upande mwingine binti yake wa miaka 11 yuko nyumbani. Bibi akamuuliza mjukuu "Nangankan?", ushakula? Mtoto akajibu "yes, Lola". Bibi akauliza lingine, refu kidogo, mtoto akamkodolea macho mama yake. Kimya. Bibi akacheka kile kicheko cha kuficha aibu, akaanza habari za mvua.

Simu ilipokatika Ate akaniambia, tuliambiwa tusimwongeleshe Kiilokano, lugha ya kwao Ilocos, atachanganyikiwa. Basi tuanze hapohapo.

Dhana: lugha mbili zinamchanganya mtoto, anachelewa kuongea.
Hapana. Mtoto mchanga anaanza kutofautisha lugha kabla hata hajatamka neno, na akichanganya maneno kwenye sentensi moja anatumia tu alichonacho, kama sisi wote. Kinachowatisha wazazi ni hesabu: ukimpima kwa Kiingereza peke yake utaona maneno machache kuliko ya jirani, lakini ukijumlisha na ya lugha ya pili mambo yanakaa sawa. Na mtoto mwenye tatizo la kweli la kuongea atakuwa nalo kwenye lugha zote mbili, anahitaji mtaalamu, ila kumnyang'anya lugha ya mama yake hakumtibu.

Dhana: Kiingereza chake kitaharibika.
Hii ndo yenye mizizi mirefu, tukae hapa kidogo. Wamarekani walipoitawala Ufilipino walileta walimu mamia, mwaka 1901 meli moja iitwayo Thomas ilishusha kama 500 kwa mpigo, na Kiingereza kikawa lugha ya darasani. Vizazi vimesoma hivo, wengine wakitozwa visenti kwa kuongea lugha ya kwao shuleni (aliyevalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili anaijua hiyo stori). Afu sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ikafungua mlango, manesi wakamiminika, na tiketi yao ilikuwa nini? Kiingereza. Sasa mtu ambaye maisha yake yote Kiingereza ndo kimemlisha, unamshangaa akimlea mwanae kwa Kiingereza? Mi siwezi kumlaumu.

Ila ukweli ni kwamba Kiingereza huku hakihitaji msaada wa mama. Kipo shuleni, kipo kwenye tableti, kipo kwa marafiki, mtoto atakipata hata ukikificha, na lafudhi atachukua ya wenzake sio yako. Kitagalog, lugha ya Ufilipino inayojulikana zaidi, kiko kati ya lugha zinazoongewa zaidi majumbani Marekani baada ya Kiingereza na Kihispania, lakini kinajazwa na wageni wapya wanaoingia, wajukuu wengi hawana.

Dhana: Wafilipino wote wana lugha moja, zingine ni lahaja tu.
Hata wenyewe wanasema hivi, "hiyo yetu ni lahaja". Ufilipino ina lugha zaidi ya 170. Rais Quezon alitangaza 1937 kuwa lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalog, baadae 1959 ikaitwa Pilipino, na katiba ya 1987 ikaiita Filipino. Sawa, lakini maji kwa Kitagalog ni tubig na kwa Kiilokano ni danum, na asiyejifunza hii haielewi ile, ni kama uweke Msukuma na Mnyakyusa bila Kiswahili katikati. Hawaii kwa mfano, Wafilipino 15 wa kwanza waliofika 1906 kufanya kazi mashamba ya miwa walifungua njia ya maelfu ya Wailokano, na mpaka leo Kiilokano kinasikika sana kule.

Ate ni Mwilokano, mumewe Mbisaya wa Cebu, kisiwa chenye lugha yake, wao kwa wao wanaongea Kitagalog kilichojaa Kiingereza. Mtoto arithi ipi? Mi naona ile ambayo kuna mtu anamsubiri ajibu. Kwao ni bibi.

Dhana: mwekee tu chaneli za Kifilipino, atashika.
Patricia Kuhl, mtafiti wa jinsi watoto wanavyojifunza lugha, na wenzake walichapisha utafiti 2003, waliwapa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa vipindi 12 vya Kichina. Waliokaa na mtu wa kweli walishika sauti za lugha ile, waliotazama mtu yuleyule kwenye video hawakushika kitu. Ni wachanga, sawa, mkubwa tamthilia itamwongezea maneno, ila kwanza awe na wa kuongea nae.

Kuhusu kuchanganya na Kiingereza, wanaita Taglish, eti ni uchafu: "mag-text", "nag-drive". Na wewe hujawahi kusema "nitakutext"? Tuendelee.

Dhana: anaelewa, ataongea akikua.
Hapa ndo wengi wanaangukia. Mama anauliza kwa Kitagalog, mtoto anajibu kwa Kiingereza, mama anaendelea kwa Kitagalog, miaka kumi inapita hivo na kila mtu anaona mambo safi. Mtoto anajua po ya heshima, anajua mano, kuchukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso (shikamoo yao hiyo), anajua majina ya vyakula. Kuongea hajui, kwa sababu hajawahi kulazimika. Kuelewa na kutamka ni kazi mbili tofauti. Na sio mpaka umgombeze, unampa mwanzo wa sentensi afu unanyamaza, unasubiri, hata kama chakula kinapoa. Miaka 11 hajachelewa, lafudhi tu ndo inaweza kubaki ya kigeni.

Ate alianza na neno moja, wen, ndio. Juzi bibi kauliza tena "Nangankan?", binti akasema "Wen, Lola", bibi akanyamaza kwanza, afu akataka kujua kala nini. Pinakbet, mboga zao za mchanganyiko. Hee, nani kapika, kaweka bagoong (samaki wa kuchachushwa)? Mtoto anakwama, mama anampa neno, anaendelea. Tulivorudi wodini wali wa Ate ulikuwa haujaguswa.