Njia ya mkondo mkubwa kwenye vichapuzi vya chembe: maana yake na inavyosanifiwa

Njia ya mkondo mkubwa ni vipitishi vinavyochukua umeme wa maelfu au malaki ya ampea kutoka kwenye chanzo chake, kuufikisha kwenye kifaa cha kichapuzi cha chembe (mashine inayoharakisha chembe ndogo mno, kama protoni), mara nyingi sumaku, kisha kuurudisha ulikotoka. Wengi wakisikia maelezo hayo hufikiria safari ya kwenda tu. Msanifu anaifikiria zaidi safari ya kurudi, kwa sababu mahali unapopita mkondo wa kurudi ndipo panapoamua volti itakayohitajika, nguvu itakayotikisa vipitishi, na sumaku itakayovuja nje na kusumbua vifaa vya jirani.

Gridi ya taifa hukwepa tatizo hili. Laini inayotoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa kilomita 1,045 na uwezo wa megawati 2,000. Waya wake mmoja uko volti 500,000 juu ya sifuri na mwingine volti 500,000 chini yake, kwa hiyo hata ikibeba mzigo wote mkondo wake ni kama ampea 2,000 tu. Wahandisi wa gridi hupandisha volti ili kupunguza ampea, maana joto linalopotea kwenye waya hufuata mraba wa mkondo: ampea zikiwa mara mbili, upotevu unakuwa mara nne. Kwenye kichapuzi ujanja huo una kikomo. Uga wa sumaku unatokana na ampea zenyewe, na volti kubwa haiwezi kushika nafasi yake. Unaweza kuzungusha waya mara nyingi ili ampea chache zifanye kazi ya nyingi, na sumaku nyingi zimejengwa hivyo. Ila kuna vifaa ambavyo umbo lake linaruhusu mzunguko mmoja tu, na hapo hakuna namna ila kuleta ampea zote.

Mfano mzuri kuliko yote ni pembe ya sumaku. Ilibuniwa na Simon van der Meer huko CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa chembe, mwaka 1961, mhandisi yuleyule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Carlo Rubbia mwaka 1984 kwa kazi nyingine. Pembe hii ni mirija miwili ya alumini, mmoja ndani ya mwingine, na ule wa ndani hupanuka kama mdomo wa tarumbeta. Mkondo unapita kwenye mrija wa ndani na kurudi kwenye wa nje. Protoni zikigonga kipande cha grafiti, hutoka chembe za pioni zilizotawanyika, na uga ulio kati ya mirija hiyo huzikusanya zielekee mbele, zikaoze na kutoa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji. Huko Fermilab, jimbo la Illinois, Marekani, pembe za mradi wa nyutrino wa NuMI hupewa takriban ampea 200,000. Za mradi wa T2K huko Tokai, Japani, zinazorusha nyutrino umbali wa kilomita 295 hadi kwenye kituo cha Super-Kamiokande, zilifanya kazi kwa miaka mingi kwa ampea 250,000. Ukigeuza mwelekeo wa mkondo, pembe inakusanya chembe za chaji ya upande wa pili, na unapata antinyutrino.

Mkondo huo hautiririki muda wote. Kapasita, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, huchajiwa taratibu, kisha hufunguliwa kwa swichi ya kielektroniki, na umeme unapita kwa mpigo wa milisekunde chache, sawa na wakati wa kuwasili kwa protoni. Kapasita na swichi haziwezi kukaa karibu na pembe kwa sababu mnururisho, yaani mionzi mikali, wa hapo ungeziharibu. Zinawekwa kwenye chumba salama, na kati ya chumba hicho na pembe kuna makumi ya mita. Mahali pengine transfoma huwekwa njiani ili sehemu ya kwanza ibebe ampea chache, lakini kutoka kwenye transfoma hadi kwenye pembe mkondo wote unabaki palepale.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa hesabu inasema kuliko maneno. Chukua njia ya mita 50, ampea 200,000, mpigo wa nusu wimbi unaodumu milisekunde 2. Tuseme fundi ameleta nyaya mbili nene za nusukipenyo cha sentimita 1, akazipitisha mita 1 mbali na nyingine, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Eneo lililo kati ya nyaya hizo linajaa uga wa sumaku, na uga huo hukataa kuanzishwa au kuzimwa ghafla. Tabia hiyo huitwa induktansi. Kwa nyaya hizo itakuwa kama mikrohenri 92, na ili kuusukuma mkondo ndani ya muda mfupi namna ile utahitaji karibu volti 29,000 kwa ajili ya njia peke yake, kabla pembe haijapata chochote.

Badala ya nyaya, tumia mabamba mawili mapana ya alumini, kila moja sentimita 30 kwa upana, yamelala sambamba na kuachana sentimita 1 tu. Uga wa sumaku unabanwa kwenye upenyo huo mwembamba. Induktansi inashuka hadi mikrohenri 2.1 na volti inayohitajika inakuwa kama 660. Urefu ni uleule na ampea ni zilezile. Kilichobadilika ni ukaribu wa mkondo wa kwenda na ule wa kurudi, na upana wa uso unaopitia. Nje ya mabamba mikondo miwili hukaribia kufutana, kwa hiyo nondo za zege na vipimo vilivyo karibu havipati usumbufu mkubwa. Ndiyo maana karibu kila pembe ya sumaku duniani hulishwa kwa mabamba, na njia ya namna hii ndiyo tunayoiita njia ya mabamba.

Msomaji atauliza kwa nini mabamba yasisogezwe zaidi, milimita 2 au 1. Volti siyo inayokataza. Hewa kavu na safi huzuia maelfu ya volti kwa kila milimita. Tatizo ni kwamba hewa ya pale haibaki kavu wala safi: mnururisho huiyonisha, yaani huifanya ianze kupitisha umeme, vumbi huingia, unyevu hukaa, na mabamba yenyewe hayatulii. Mikondo inayokwenda pande tofauti husukumana. Katika mfano wetu uga ulio kati ya mabamba unafika tesla 0.84, na msukumo wake ni kilonewtoni 84 kwa kila mita ya njia, yaani uzito wa kama tani 8 na nusu unaojaribu kuyatenganisha mabamba hayo kila mpigo unapopita, kisha unaondoka. Mpigo ukija kila sekunde 1.33, kama ilivyokuwa NuMI kwa kipindi kirefu, njia inapigwa zaidi ya mara milioni kumi kwa mwaka.

Chuma au alumini inayobeba mzigo mkubwa mara moja inaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo sana ukirudiwa mara milioni. Huu ndio uchovu wa metali, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kupewa muda mwingi kuliko yote kwenye meza ya usanifu. Dawa mojawapo ni kugawa mkondo. Mabamba yakiwa manane, jozi nne, kila jozi inabeba ampea 50,000, na kwa kuwa msukumo hufuata mraba wa mkondo, kila jozi inasukumwa kwa sehemu moja tu ya 16 ya ule msukumo wa awali. Induktansi nayo inashuka. NuMI walitumia mabamba manane ya alumini kwa namna hii. Dawa ya pili ni vibano vilivyowekwa kwa umbali mfupi, vyenye vihami vya kauri, maana plastiki nyingi hukauka na kupasuka zikikaa kwenye mnururisho.

Unene wa bamba una mpaka wake. Mkondo unaobadilika haraka haupendi kuingia katikati ya metali. Unakaa karibu na uso. Kwa mpigo wetu, kina unachofikia kwenye alumini ni kama milimita 5. Bamba la sentimita 3 lingekuwa zito na la gharama bila kupunguza ukinzani kwa kiasi cha maana. Upana ndio wenye faida.

Kuhusu joto, namba zake hushangaza. Kwenye kilele cha mpigo kila mita ya njia inageuza umeme kuwa joto kwa kiwango cha megawati 1.4. Lakini kilele ni cha muda mfupi mno. Ukigawa joto la mpigo mmoja kwa sekunde 1.33, wastani ni kilowati 1 kwa mita, kiasi ambacho upepo wa feni au baridi ya hewa iliyosukumwa inaweza kukiondoa. Kinachobaki ni kutanuka: bamba la alumini la mita 50 likipanda nyuzi 20 linarefuka kwa milimita 23. Ukilifunga kichwa na miguu litapinda. Kwa hiyo mahali fulani lazima pawe na kipande kinachonyumbulika, na kipande hicho ndicho kitakachochoka kwanza. Hapa msanifu anachagua mahali pa kupeleka taabu yake, na busara ni kuipeleka panapofikika kwa urahisi.

Alumini huchaguliwa mara nyingi mbele ya shaba ingawa shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Ni nyepesi, na baada ya kukaa kwenye mnururisho haibaki na mionzi mikali kwa muda mrefu kama shaba. Udhaifu wake uko kwenye viungio. Uso wa alumini ukiguswa na hewa hufunikwa papo hapo na utando wa oksidi ambao haupitishi umeme. Mabamba mawili yakibanwa kwa bolti pasipo maandalizi, yanagusana kwa vidoa vichache tu, mkondo unajikusanya hapo, panachemka, alumini inalainika, bolti inalegea, na kugusana kunapungua zaidi. Kwa hiyo nyuso za kiungio husawazishwa, hupakwa fedha, na bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo juu ya washa za springi zenye umbo la sahani, ili mbano ubaki uleule alumini inapotanuka na kusinyaa. Fundi anayejua kazi hii hapimi kiungio kwa macho. Anapitisha mkondo unaojulikana, anapima volti upande huu na upande ule, na anaandika ukinzani wa kila kimoja kwa mikro-omu, ili mwaka ujao ajue kipi kimebadilika.

Somo la viungio lilijifunzwa kwa gharama kubwa kwenye kichapuzi kikubwa cha CERN, LHC, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko mkondo ni wa moja kwa moja, si wa mipigo, na vipitishi ni supakondakta zilizopozwa kwa heliamu hadi kelvini 1.9, yaani karibu nyuzi 271 chini ya sifuri ya Selsiasi. Katika hali hiyo hazina ukinzani kabisa, na sumaku kuu zimesanifiwa kwa ampea 11,850. Tarehe 19 Septemba 2008, mkondo ulipokuwa unapandishwa na kufikia kama ampea 8,700, kiungio kimoja kati ya sumaku mbili kilishindwa. Ukinzani wake ulikadiriwa baadaye kuwa kama nano-omu 200. Zidisha kwa mraba wa mkondo: unapata wati 15, joto la balbu ndogo. Nyumbani lisingeonekana. Kwenye baridi ile lilitosha kukifanya kipande cha supakondakta kipoteze sifa yake, joto likaongezeka, kiungio kikaachia, na cheche ikatoboa chombo cha heliamu. Tani zipatazo 6 za heliamu zilipotea, sumaku 53 zikalazimika kutolewa kwenye handaki, na mashine haikurudi kazini hadi Novemba 2009. Miaka michache baadaye, mashine iliposimamishwa kwa matengenezo marefu, viungio zaidi ya 10,000 viliongezewa vipande vya shaba ili mkondo uwe na njia ya pili supakondakta ikishindwa.

Hatua inayofuata huko inarudi kwenye swali lile la umbali. Kwa ajili ya kuiboresha LHC, CERN wametengeneza njia mpya ya supakondakta za magnesi diboridi, mchanganyiko ambao sifa yake ilitangazwa na kundi la Jun Akimitsu wa Japani mwaka 2001. Unafanya kazi chini ya kelvini 39, kwa hiyo unaweza kupozwa kwa gesi ya heliamu badala ya kimiminika cha baridi kali. Nyaya za kwenda na za kurudi zimesokotwa pamoja ndani ya bomba linalopindika, na njia nzima imesanifiwa kubeba zaidi ya ampea 100,000 zikigawanywa kwa sumaku mbalimbali. Faida yake ni ileile iliyowafanya watu wa pembe kusogeza kapasita mbali: vifaa vya kulishia umeme vinakaa kwenye mahandaki mapya yasiyo na mnururisho mkali, mahali ambapo fundi anaweza kuingia na kuvikarabati. Upande wa pili wa njia hiyo mkondo lazima utoke kwenye baridi na kukutana na shaba ya kawaida iliyo kwenye joto la chumba, na hapo hutumika supakondakta za aina nyingine, zinazostahimili joto zaidi, kama daraja, ili shaba isiingize joto ndani ya bomba.