Hedifoni za kukunja: tazama bawaba kwanza, besi baadaye

Mtu akija kutafuta hedifoni za kukunja, swali la kwanza ni moja: "Zina besi?" Si swali baya. Lakini mimi kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya sauti hapa Mombasa, na katika zinazoletwa mezani kwangu ni chache zilizokufa spika. Nyingi zimevunjika bawaba, zimekatika waya pale zinapokunjika, au zimebanduka ngozi ya masikioni. Ndiyo maana nikiombwa ushauri naanzia kwenye bawaba.

Zishike mkononi, uzikunje na kuzikunjua polepole huku umetega sikio. Bawaba nzuri inakaza tangu mwanzo hadi mwisho, kisha inajifunga kwa mlio mdogo mkavu. Mbovu inalegea katikati, na ukiitikisa, kikombe cha sikioni kinacheza. Halafu tazama upande wa ndani wa kiungo. Kwenye hedifoni nyingi waya mwembamba unatoka kikombe kimoja, unapita ndani ya ukanda wa kichwani, unaingia kikombe cha pili. Ukiuona umejitokeza hapo na unapindika kwa kona kali kila ukikunja, basi hapo ndipo utakapokatika, na sikio moja litanyamaza. Angalia na pini. Ya chuma iliyofungwa kwa skrubu inafunguka, inatengenezeka. Ikiwa kiungo chote ni plastiki iliyomiminwa pamoja, kikipasuka fundi hana ila gundi, na gundi haidumu mahali panapovutwa kutwa.

Mkunjo ni kazi ngumu hata kwa kampuni kubwa. Sony WH-1000XM4 zilikuwa zinakunjika; zilipokuja XM5 mwaka 2022 mkunjo ukaondolewa, vikombe vikawa vinalala bapa tu; XM6 za mwaka 2025 zikarudishiwa. Na kuna Koss Porta Pro, zilizotoka mwaka 1984 na hadi leo zinauzwa: utepe mwembamba wa chuma, sponji tupu masikioni, ukizikunja zinaenea kiganjani. Wako wanaoziona za kizamani. Mimi naziheshimu sana, kwa sababu sponji zikichakaa unavisha nyingine kwa vidole, bila bisibisi.

Sponji ndilo jambo la pili, na kwetu pwani lina uzito kuliko bara. Ngozi bandia ya vikombe vingi ni tabaka jembamba la poliyurethani, aina ya plastiki, juu ya kitambaa, na adui yake ni joto na unyevu. Unyevu unaivunjavunja polepole, mpaka siku moja unavua hedifoni una vipande vyeusi shavuni. Jasho la msimu wa kaskazi linaharakisha, lakini hata zikikaa kabatini zitabanduka siku moja. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: sponji zinatoka? Na za kubadilisha zinapatikana mjini? Mkiwa na chaguo, chukueni za kitambaa au sponji wazi. Na usizifungie mkobani zikiwa na jasho; zipanguse, zipate hewa kwanza.

Kuhusu ukubwa, zinazokaa juu ya sikio ndizo zinazokunjika ndogo zikaingia kwenye mkoba wa mkononi. Zinabana, hasa ukivaa miwani. Zinazofunika sikio zima zinazuia kelele vizuri zaidi, ila zina joto na hata zikikunjwa zinakula nafasi. Dada mmoja mwanafunzi aliniletea za aina hiyo. "Fundi, besi imekimbia." Nikazisikiliza, zikawa nzima. Nikamwambia, "Dadangu, ukifika nyumbani zivae bila mtandio usikilize." Alirudi ameridhika. Kitambaa kikipita kati ya sponji na ngozi, hewa inavuja, na besi ndiyo ya kwanza kutoka. Wanaovaa mtandio kila siku nawaelekeza kwenye sponji laini na nene, na wazijaribu dukani vile vile walivyovaa.

Teknolojia ya kuzima kelele inafaa safari fulani tu. Mikrofoni inasikia kelele ya nje, mtambo unatoa wimbi la kinyume, na mawimbi mawili yanafutana. Inafanya kazi vizuri kwa muungurumo mzito usiobadilika: ndege, feni, au treni ya Madaraka Express kutoka Miritini hadi Nairobi. Makelele ya makanga na honi ya matatu haiyafuti sawasawa, kwa kuwa yanakuja ghafla. Faida yake kubwa kwangu ni usalama wa masikio: kelele ikipungua, huna haja ya kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa sauti kwa mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na anayeshindana na muziki wa matatu anaupita haraka.

Ila kwa miguu, tafadhali, usizibe masikio. Ukivuka Digo Road au ukishuka kwenye kivuko cha Likoni pamoja na magari, ziteremshe shingoni, au vaa zile za sponji wazi zinazopitisha sauti za nje.

Kuhusu chaji, saa zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa sauti ya wastani, na kuzima kelele kunazila. Zisiachwe juu ya dashibodi ya gari juani. Betri ya lithiamu haivumilii joto lile. Hakikisheni pia kuna tundu la waya, kwani za bei nafuu nyingi hazina, na skrini za ndege nyingi bado zinataka waya wa milimita 3.5. Waya huo uweke kwenye mfuko wa hedifoni wenyewe, si kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.