Uzio kwanza, mbegu baadaye

Masika yanapokaribia, watu wengi hapa Morogoro hufika kwetu kuuliza mbegu ipi ya mboga inafaa kupandwa nyuma ya nyumba. Kabla ya kumjibu mtu, mimi humuuliza: jirani yako anafuga nini? Katika kazi yangu ya ugani nimeziona bustani nyingi zilizokufa, na ni chache zilizouawa na jua au ukosefu wa mbolea. Nyingi zilimalizwa na kuku asubuhi moja tu, mwenyewe akiwa kazini.

Kuku huja hata kabla mboga haijaota. Ukishatifua udongo na kuumwagia maji, wadudu na minyoo hupanda juu, na kuku huliona hilo kutoka mbali. Anapoparua kutafuta minyoo, anafukua mbegu zako. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga na hukaa karibu kabisa na uso wa udongo, kwa hiyo parua moja inatosha kufuta mstari mzima. Hata matandazo ya nyasi tunayowashauri watu waweke ili kutunza unyevu humvutia, maana chini yake ndiko wadudu wanakojificha. Ndiyo sababu nasisitiza uzio usimame kwanza, tuta lilimwe baadaye, na mbegu ije mwisho.

Uzio wa kuku si lazima uwe wa gharama. Fito za mianzi au matete yaliyofungwa kwa karibu yanafaa, na mwenye uwezo anaweza kununua wavu wa kuku. Urefu wa mita 1.5 unatosha kwa kuku wengi, ila kuna jambo ambalo watu hulisahau: usilaze mti au ufito juu ya wavu. Kuku haruki uzio kwa mkupuo mmoja. Hurukia juu yake, akatua, kisha akashukia ndani. Wavu ukiwa laini juu na hauna mahali pa kutua, wengi hukata tamaa. Chini nako, fukia wavu sentimita 20 ardhini au panga mawe, kwa sababu kuku na mbwa wote hupenya pale wavu ulipoinuka. Kama kuku ni wako na bado wanaruka, punguza manyoya marefu ya bawa moja. Atakosa mizani ya kuruka, na manyoya yataota tena. Kuku wa jirani usimguse. Nenda ukaongee na mwenye kuku kabla hujapanda, si siku ya ugomvi.

Kwa wiki mbili za mwanzo, lifunike tuta lenyewe hata kama uzio upo. Matawi yenye miiba yaliyotandazwa juu yanafanya kazi nzuri, na humzuia hata paka asichimbe udongo laini kujisaidia. Chandarua kilichochanika kiasi cha kutofaa tena kulalia kinaweza kutumika hapa. Narudia: kilichochakaa. Chandarua kizima mahali pake ni kitandani, na hicho cha bustani kisifuliwe mtoni, kwa sababu dawa yake huua samaki.

Mbuzi ni mnyama mwingine kabisa. Fito atazisukuma, wavu ataukanyaga mpaka ulale. Kwake dawa ni uzio hai: mchongoma kwa miiba yake, au minyaa, ambayo mbuzi hawaipendi kwa sababu ya utomvu wake. Vipandikizi vya minyaa hushika kwa urahisi. Vipandwe kwa umbali wa shibiri moja mwanzoni mwa mvua. Vikate kwa uangalifu, maana utomvu ule ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na watoto wasichezee matawi yake. Uzio hai huchukua zaidi ya mwaka kufunga vizuri, hivyo mwaka wa kwanza uzibe mapengo kwa matawi makavu ya miiba.

Uzio ukisimama, kazi iliyobaki ni nyepesi. Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku, mbali na choo cha shimo. Tuta lisizidi upana wa mita moja ili ufike katikati bila kulikanyaga. Changanya samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba; mbolea mbichi ya kuku huunguza miche. Anza na mchicha, ambao huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne na kukupa moyo wa kuendelea. Sukuma wiki ioteshe kitaluni, uihamishe ikifikisha wiki nne hivi. Matembele hayahitaji hata mbegu, pandikiza marando tu.

Kwa wanaoishi chini ya milima ya Uluguru, tumbili watakuja, na sitawadanganya kwamba kuna uzio wa bei nafuu unaowazuia. Linalosaidia ni kuchagua mazao. Mahindi na ndizi huwaita; pilipili haiwavutii sana. Vuna mapema, usiache matunda yaliyoiva, na msiwarushie chakula hata siku moja, kwa sababu tumbili aliyelishwa hurudi na wenzake. Msiwaue. Wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009; wakizidi, toeni taarifa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Kuna jambo moja naliomba kwa moyo wote: msitege sumu. Nimeona nyanya iliyotiwa sumu ya panya ikiachwa kwenye bustani ambayo watoto hupita kila siku wakitoka shule. Mtoto hajui ipi ni nyanya ya mtego na ipi ni ya kula. Panya mwenye sumu naye huliwa na paka au bundi, nao hufa, na waliokuwa wakikupunguzia panya wanakuwa hawapo tena. Tumia mtego wa kunasa, na uondoe magugu na takataka ambamo panya huzaliana.

Kabla hujamlaumu mnyama yeyote, isome alama aliyoiacha. Shimo pana lisilo na kina, udongo umetawanyika: kuku. Shina limevunjwa na majani ya juu yote hayapo: mbuzi. Majani yenye matundu na ute unaong'aa juu yake ni kazi ya konokono, naye huokotwa usiku kwa tochi. Mmea unaonyauka ghafla, ukiuvuta unatoka hauna mizizi, umeliwa na fuko kutoka chini. Hapo hata uzio mzuri haukusaidii, na ni afadhali upande kwenye magunia yaliyojazwa udongo. Na ukikuta mche mchanga umekatwa usawa wa ardhi, umelala pale pale bila kuliwa, fukua kwa kidole kuuzunguka. Utamkuta sota, kiwavi wa kijivu aliyejikunja kama pete. Mwondoe asubuhi hiyo hiyo, maana usiku utakaofuata atahamia mche wa pili.