Citation 525: jeti ndogo iliyorefuka bila kupanda kimo

Cessna ya Wichita, Kansas, iliporusha Citation ya kwanza Septemba 1969, marubani waliizoea haraka na wakaanza kuitania. Walisema hatari yake kubwa ni kugongwa na kunguru kwa nyuma. Learjet, iliyozaliwa mji huohuo miaka 6 kabla, ilikuwa na mbio zaidi. Lakini polepole ile ilikusudiwa. Bawa lililonyooka hubeba ndege vizuri ikiwa katika mwendo mdogo, hivyo Citation ilitua kwenye viwanja vifupi ambavyo wenzake walivikwepa, na rubani aliyetoka kwenye ndege za pangaboi hakupata taabu kuimudu.

Wazo hilo ndilo lililozaa familia ya 525. CitationJet iliruka mara ya kwanza Aprili 1991, ikapata cheti cha Marekani 1992. Injini zake mbili ni Williams FJ44, kazi ya kampuni iliyokuwa imejijengea jina kwa injini ndogo za makombora. Kila moja ilisukuma kwa nguvu ya kilonewtoni (kipimo cha msukumo) 8.5 hivi, chini ya injini za Citation ya 1969. Upungufu huo ulifidiwa na umbo: bawa jipya lililochongwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika mapema. Bawa la namna hiyo halipendi uchafu, hata wadudu waliokaukia ukingo wa mbele huongeza ukinzani, kwa hiyo fundi mwenye kitambaa ana mchango wake katika matumizi ya mafuta.

Kisha ndege ikaanza kurefushwa. CitationJet ina mita 13 kasoro kidogo; matoleo yaliyofuata ni CJ2 yenye mita 14.5, CJ3 mita 15.6, CJ4 mita 16.3. Upana na kimo cha ndani havikuguswa: mita 1.45 toka sakafuni hadi darini, kwa hiyo mtu mzima hutembea ameinama, awe amepanda ya bei ndogo au ya bei kubwa. Binafsi naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana kubadili kipenyo cha bodi ni sawa na kuunda ndege upya. CJ4, iliyoruka 2008, ndiyo pekee iliyopewa bawa lililolazwa nyuma kidogo. Injini zake hufikia kilonewtoni 16 kila moja na mwendo hadi kilomita 835 kwa saa. Uzito wa juu wa kuruka ulipanda kutoka kilo 4,700 hivi hadi kilo 7,761. Hata hivyo rubani mmoja anaruhusiwa kuirusha, na idhini ya aina moja ya ndege inatambulika kwa familia nzima, ilimradi apate mafunzo ya tofauti zilizopo.

Sasa, takwimu zinazotumika kuitangaza sokoni. CJ4 imeandikiwa masafa ya kilomita 4,010, lakini hayo ni kwa abiria wachache. Matangi yakijaa, uzito unaobaki hautoshi kujaza viti vyote. Kwenye CitationJet ya kwanza huenda wakabaki abiria wawili au watatu tu. Vilevile njia ya kurukia ya mita 1,039 inayotajwa kuwa yatosha CJ4 kuruka ikiwa na uzito wake wote ni hesabu ya usawa wa bahari, nyuzi 15 za Selsiasi. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na njia zake ni za takriban mita 1,500. Hewa huko ni nyembamba: injini zinapoteza nguvu, na bawa linahitaji mbio zaidi kabla ya kunyanyua. Jua la saa saba mchana huzidisha yote mawili.

Anayekodi jeti ya aina hii ana haki ya kumwomba mwendeshaji hesabu ya safari yake yenyewe: uwanja gani, joto kiasi gani, abiria wangapi na mizigo yao, na uwanja wa akiba ni upi. Jibu likiwa kwamba ndege itasimama njiani kuongeza mafuta, au kwamba ni bora kuondoka alfajiri, huyo mwendeshaji amepiga hesabu.