Uhamishaji joto mwilini ni nini, na unaingiaje kwenye kutibu magonjwa

Ukisema uhandisi wa joto watu wengi wanawaza injini, friji, boila za kiwandani, na hawakosei, ndo huko fani ilikokulia. Ila kuna tawi lake zima linalohusika na mwili wa binadamu: joto likiingia kwenye nyama ya mtu linaelekea wapi, linafika kina gani, linakaa muda gani na linaua nini likiwa huko. Kwa Kiswahili tunaweza kuita uhamishaji joto mwilini. Linasikika kama jambo la maabara za mbali lakini kama uko Tanzania, Kenya, Malawi au Zambia huenda mama, dada au shangazi yako ashatibiwa kwa kutumia hesabu hizi bila kuambiwa, kwahiyo acha tuielezee vizuri.

Msingi wenyewe ni mwepesi, joto linatoka palipo moto linaenda palipo baridi. Kwenye chuma linakimbia, kwenye nyama linajikokota, sababu nyama sehemu kubwa ni maji na maji yanapitisha joto polepole sana ukilinganisha na shaba, yaani tofauti ni ya mamia ya mara. Kama nyama ingekuwa ni hivyo tu basi mhandisi wa boila angemaliza kazi asubuhi moja. Kinachobadilisha mambo ni damu. Damu inapita ikiwa na nyuzi 37, ikikuta sehemu ina moto kuliko yenyewe inachukua joto na kuondoka nalo, ikikuta pamepoa inaacha joto hapo. Na inafanya hivyo muda wote, hailali.

Mtu aliyeiweka hii kwenye hesabu ni daktari Mmarekani anaitwa Harry Pennes, mwaka 1948. Alichukua watu waliotulia tu, akapitisha waya nyembamba za kupimia joto ndani ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, akasoma joto kuanzia kwenye ngozi mpaka katikati ya misuli. Kisha akaandika mlinganyo ambao ukiusoma kwa maneno unasema hivi: joto la sehemu yoyote mwilini linategemea linalosafiri kupitia nyama yenyewe, linalozalishwa na seli zikifanya kazi zake, na linaloletwa au kuondolewa na damu. Hicho kipande cha damu ni kiasi cha damu inayopita zidisha na tofauti ya joto kati ya damu na nyama. Kadiri unavyopasha zaidi ndivyo damu inavyokunyang'anya zaidi. Miaka zaidi ya 70 imepita, wameukosoa na kuurekebisha, lakini mpaka leo mtafiti akitaka kutengeneza kifaa cha kuchoma uvimbe mara nyingi anaanzia kwa Pennes.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Seli za binadamu hazifi kwa digrii tu, zinakufa kwa digrii na muda kwa pamoja. Kipimo kinachotumika sana kinaanzia nyuzi 43: kama uharibifu fulani unachukua dakika 60 kwa nyuzi 43, ukipanda digrii moja muda unakatika nusu, kwahiyo nyuzi 44 dakika 30, nyuzi 45 dakika 15, endelea hivyo mpaka nyuzi 50 utakuta ni kama sekunde 28 tu. Ukifika 60 protini zinaganda hapo hapo na seli haina pa kukimbilia. Ukizidi 100 maji yaliyomo kwenye nyama yanachemka, nyama inakauka na kuwa mkaa, na huo mkaa unazuia joto lisiende ndani. Ni kama kubanika nyama kwenye moto mkali, nje imeungua ndani bado inavuja damu. Ndo maana kuongeza moto peke yake sio jibu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na nadhani ndo muhimu zaidi kwetu, ni saratani ya mlango wa kizazi. Hii haianzi kama saratani, inaanza na virusi vya HPV, aina ya 16 na 18 ndo wakorofi zaidi, vinakaa miaka mingi vikibadilisha seli taratibu. Ukizikamata hizo seli kabla hazijawa saratani na kuziua, mara nyingi mama anapona. Nesi anapaka asidi ya asetiki, ile iliyo kwenye siki, anasubiri kidogo, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe, anaiona kwa macho.

Zamani kifaa cha kumalizia kazi kilikuwa cha baridi, ile inaitwa tiba mgando. Gesi inatoka kwenye mtungi inapoza kichwa cha chuma, unagandisha dakika 3, unaacha dakika 5 iyeyuke, unagandisha tena 3. Inafanya kazi. Lakini mtungi ni mzito, gesi inaisha, kituo kiko kilomita nyingi kutoka mjini na barabara ni ile ya mvua, matokeo yake mama anapimwa leo anaambiwa rudi gesi ikija. Na wengine hawarudi, nauli haipo, mume kakataa, shamba linasubiri, na seli hazisubiri.

Ndo ikaingia tiba ya joto. Wazo lilitoka kwa Kurt Semm wa Ujerumani miaka ya 1960, ila vifaa vya siku hizi vimepungua mpaka vinashikika mkononi na vinatumia betri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake: kichwa cha kifaa kiwe angalau nyuzi 100, kigusishwe sekunde 20 mpaka 30, kirudiwe mpaka sehemu yote iliyolengwa ifunikwe. Ni dakika chache tu, akina mama wengi wanasikia maumivu kama ya hedhi, na wengi hawahitaji sindano ya ganzi kwasababu eneo hilo halina neva nyingi za maumivu ya juu juu.

Kwanini sekunde 30 na sio dakika 5? Hapa ndo hesabu ya joto inapendeza. Kwenye nyama joto linatawanyika kwa kasi ya kama milimita za mraba 0.14 kwa sekunde. Zidisha na 30 unapata 4.2, mzizi wake ni karibu 2, na kwa makadirio ya haraka wahandisi wanachukua mara mbili ya hapo, yaani joto linakuwa limefika kama milimita 4. Ukitaka lifike mara mbili ya kina hicho hauhitaji muda mara mbili, unahitaji mara nne, sekunde 120, na muda wote huo damu iko kazini inaliondoa. Kwahiyo kukaa sana faida yake inapungua haraka huku unamuumiza mtu. Seli mbovu zenyewe zinajificha kwenye vitezi vinavyoshuka milimita kadhaa tu, kina hicho hicho.

Na kuna jambo dogo ambalo nesi mzuri analijua kwa mkono wake: kichwa cha kifaa lazima kikae sawasawa kwenye nyama. Hewa inapitisha joto pungufu ya nyama kwa karibu mara 20, ukiacha mwanya mdogo tu kati ya chuma na nyama pale chini tiba haijafika, hata kama kifaa kinaandika 100. Ute unafutwa kwanza, kifaa kinabanwa kidogo. Hiyo ni fizikia kamili.

Kwenye ini hadithi ni ngumu zaidi. Uvimbe wa ini unachomwa kwa sindano inayotoa mawimbi ya redio au maikrowevu, lakini ini linapitiwa na damu nyingi kupita kiasi, na mshipa wenye upana wa zaidi ya milimita 3 ukiwa jirani na uvimbe unapoza seli zilizo karibu nao, zinabaki hai wakati zingine zote zimekufa, na saratani inaweza kurudi kutokea hapo hapo. Madaktari wanaweza kupunguza mtiririko wa damu kwa muda au kuchagua maikrowevu ambayo inapasha kwa nguvu zaidi. Ni kile kipande cha damu cha Pennes kinawasumbua.

Hapa niseme kuhusu kujifukiza maana swali kama kunaua virusi au uvimbe linakuja kila mara. Mvuke wa nyungu unapasha ngozi na njia za juu za hewa, na joto hilo damu inalizoa palepale, haliwezi kufika ndani likaua virusi au uvimbe bila kukuunguza wewe kwanza. Na dada zangu, kufukiza ukeni hakuui HPV, kunababua tu, tafadhali msijaribu.

Tiba ya joto ya mlango wa kizazi nayo sio ya kila mtu. Kama inashukiwa tayari ni saratani, au weupe unaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi usikoonekana, hapo rufaa inatakiwa. Wanawake wanaoishi na VVU hatari yao ya saratani hii ni kama mara 6 ya wasio na VVU, ndo maana kwao upimaji unashauriwa kuanza miaka 25 badala ya 30. Ukishatibiwa utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hiyo ni kawaida, tendo la ndoa linasubiri karibu mwezi mmoja, ukiona homa, harufu mbaya au damu nyingi rudi haraka, na hata kama uko salama kabisa baada ya miezi 12 unarudi kupimwa tena.