Somo la kompaila lisiishie kwenye sarufi

Wanafunzi wa mwaka wa tatu huja kwenye somo la kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya mashine, wakiwa wameshatishwa na waliowatangulia: majedwali ya LR (mbinu ya kuchanganua sarufi ya lugha ya programu), seti za FIRST na FOLLOW, kurasa kwa kurasa za mishale. Hawakudanganywa. Nadharia ya LR, aliyoiasisi Donald Knuth mwaka 1965, ni kazi nzuri mno, ila walimu wengi huikalia hadi muhula unakatika. Mwanafunzi anaondoka akiweza kuchanganua sentensi ya lugha ya programu bila kujua jinsi inavyotekelezwa.

Huko kazini mambo yamekwenda njia nyingine. GCC, kompaila ya C na C++, iliachana na kichanganuzi kilichozalishwa na Bison, programu inayotengeneza vichanganuzi kutoka kwenye sarufi, kwa C++ mwaka 2004 na kwa C mwaka 2006, ikahamia kwenye kilichoandikwa kwa mkono: kila kanuni ya sarufi ina funksheni yake, nazo zinaitana. Clang, kompaila nyingine ya lugha hizo, nayo ni hivyohivyo. Mbinu hii haimchukui mwanafunzi muda mrefu.

Muda unaobaki nautumia kusoma Lua, lugha iliyozaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili. Msimbo wake wote ni kama mistari 30,000 ya C, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuumaliza. Kompaila yake haijengi hata mti wa sarufi, yaani picha ya muundo wa programu kwenye kumbukumbu. Inatoa maagizo ya mashine pepe, yaani programu inayoigiza kompyuta, papo hapo inaposoma. (Nikiwaambia hivyo baada ya kuwafundisha miti, hunitazama kwa jicho baya.) Tangu toleo la 5.0 la mwaka 2003, mashine hiyo hutumia rejista, yaani nafasi zenye namba ambazo agizo husoma na kuandika moja kwa moja. Katika Lua 5.1, kujumlisha vigeu viwili vya ndani na kuhifadhi jibu katika cha tatu ni agizo moja tu, ADD. Mashine ya staki, inayopitisha kila thamani juu ya rundo moja, ingehitaji manne. Andika luac -l, amri inayoorodhesha maagizo hayo, ujionee.

Utamu wenyewe uko kwenye funksheni zinazorudisha funksheni. Tuseme f ina kigeu cha ndani n chenye thamani 0, nayo inarudisha funksheni inayoongeza 1 kwenye n kila inapoitwa. Vigeu vya ndani hukaa kwenye staki, rundo la kumbukumbu ambako kila funksheni inayoitwa hupata sehemu yake, na f ikimaliza, sehemu yake inatwaliwa na funksheni itakayofuata. Sasa n itaishi wapi?

Mwanafunzi mwepesi hujibu: tuviweke vigeu vyote kwenye hipu, kumbukumbu isiyofutwa funksheni inapomaliza. Itafanya kazi, lakini hata kigeu cha kitanzi cha kawaida kitatengewa kumbukumbu yake, kisha kizolewe na mzoa taka, sehemu ya Lua inayokusanya kumbukumbu isiyotumika tena, wakati vigeu vingi havinaswi na funksheni yoyote ya ndani.

Lua inalipia pale tu panapohitajika. Funksheni ya ndani inapewa kishikizi, ambacho kwenye msimbo kinaitwa UpVal, chenye kielekezi, yaani anwani ya kumbukumbu, kinachoonyesha mahali pa n kwenye staki. f ikikaribia kuondoka, thamani ya n inanakiliwa ndani ya kishikizi chenyewe, na kielekezi kinageuzwa kionyeshe humo. Funksheni ya ndani haina habari kwamba n imehama. Inafuata kielekezi kilekile.

Zikiwa funksheni mbili zinazotumia n, sharti zitumie kishikizi kimoja. Ndiyo maana Lua hutunza orodha ya vishikizi ambavyo bado vinaelekeza kwenye staki, na luaF_findupval, iliyomo kwenye faili la lfunc.c, huipekua kabla ya kuunda kipya.

Zoezi langu ni hili: chukua Lua 5.1, ondoa mistari inayorudisha kishikizi kilichokwisha kupatikana, kompaili upya, kisha endesha programu yenye funksheni mbili, moja ikiongeza n na nyingine ikiisoma. Mradi f bado inaendelea, zote huona thamani moja, kwa kuwa zinaelekeza sehemu ileile ya staki. f ikisharudi, kila kishikizi kinabaki na nakala yake: ya kwanza inahesabu 1, 2, 3, na ya pili inasoma 0 kila ukiiita.