Je, wajua kwa nini "kipimo cha ini" hupanda kwa kijana anayerefuka?

Mama mmoja anatoka maabara mjini Moshi na karatasi ya majibu ya mwanawe wa miaka 14. Jicho lake limenasa kwenye mstari wa ALP: 310, na pembeni yake mashine imechapa kiwango cha kawaida cha 40 hadi 130 pamoja na mshale unaoelekea juu. Kwa kuwa mstari huo umo katika kundi la vipimo vya ini, hofu yake inaeleweka.

ALP ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za kikemia mwilini, nacho kina makao zaidi ya moja. Kimo katika seli za ini zinazopakana na mirija ya nyongo, katika seli zinazojenga mifupa, katika utumbo na, kwa mjamzito, katika kondo la nyuma. Njia ya nyongo inapoziba, kwa mfano jiwe linapotoka kwenye kifuko cha nyongo na kukwama, ini hutengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi na kingi huingia katika damu. Mfupa unaokua nao hukitoa, hata kijana wa balehe akafikisha mara mbili au tatu ya kiwango cha mtu mzima. Na kiwango kilichochapwa kwenye karatasi ile ni cha watu wazima.

Ili kujua kimetoka wapi, daktari huagiza GGT, kimeng'enya ambacho mifupa haikitoi. Vikipanda vyote viwili, ini au njia ya nyongo ndiyo ya kuchunguzwa. Ikipanda ALP peke yake, mara nyingi ni mifupa. Hata hivyo GGT ni nyepesi mno kupanda: baadhi ya dawa za kifafa huipandisha, na mnywaji wa mbege wa kila siku huweza kuwa nayo juu kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Kumficha daktari unywaji, kwa maoni yangu, ni kupoteza fedha za kipimo.

Nyongo ikiziba kweli, macho huwa ya manjano, mkojo hukolea kama chai ya rangi na choo hupauka. (Hiyo si homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu.)

Kijana wetu hana dalili hizo, GGT yake ni 18, ambayo ni ya kawaida, na suruali ya shule aliyonunuliwa Januari inaishia juu ya kifundo cha mguu.